Kikomando, Rolex na Ufundi wa Kukipa Chakula Jina

Chapati hukatwakatwa vipande, hutiwa kwenye sahani ya plastiki au ndani ya kaveera, mfuko ule wa nailoni, kisha humiminiwa maharage ya moto pamoja na mchuzi wake. Nairobi mlo huo huitwa chapo madondo: chapati imetajwa, maharage yametajwa, kazi imekwisha. Kampala huitwa kikomando. Vilivyomo ni vilevile, ila jina la Nairobi linahesabu vilivyo sahanini, na la Kampala linamtazama mlaji na kumwambia atakavyosimama akishamaliza kula.

Simulizi iliyoenea zaidi mjini inalifuata jina hilo hadi kwenye sinema za mapigano, hasa ile ya mwaka 1985 ambamo Arnold Schwarzenegger alicheza komando asiyeshindika. Ni simulizi inayoaminika kwa urahisi katika mji huu. Kampala ina vibanda vya video ambamo msimulizi hukaa na kipaza sauti, akaigeuza filamu ya Hollywood kuwa Kiluganda papo hapo, akiwapa wahusika maneno ya mtaani na tabia za watu tunaowajua. Watu waliozoea kumfanya komando wa Marekani aongee Kiluganda hawakuona taabu kumwita mezani. Na kwa sikio la Mswahili silabi ile ya mwanzo inaongeza utamu, kwa kuwa tunaisikia kama katika kijeshi na kifalme: mlo wa kuliwa kwa namna ya komando.

Tukumbuke ni nani anayeula. Ni dereva wa bodaboda, mwanafunzi ambaye pesa ya matumizi imemwishia, fundi aliyebeba matofali tangu alfajiri. Ni mlo wa mtu mwenye fedha kidogo na kazi nyingi. Aliyeubunia mlo huu jina angeweza kuutaja kwa unyonge wake, na badala yake akampa mlaji cheo. Bobi Wine, aliyekulia mtaa wa Kamwokya, aliutungia wimbo wenye jina hilohilo, na kila aliyewahi kubana matumizi mjini alijua unamhusu nani.

Dunia ina njia nyingine ya kumtia mhusika ndani ya chakula. Bustani za burudani, tangu Disneyland ifunguliwe California mwaka 1955, zimeigeuza kazi hiyo kuwa biashara kubwa. Aiskrimu hupewa masikio mawili ya duara, na mtoto humtambua Mickey kabla hajaonja. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, huuza vitafunwa vya mochi vya kijani vyenye nyuso za wale viumbe wa angani wa Toy Story. Hapo kalibu hutangulia na jina hufuata, likithibitisha kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Huo nao ni ufundi, na furaha ya watoto wanaovipokea ni ya kweli. Lakini sura ile ina mwenyewe kisheria, na jina lake vilevile. Muuza aiskrimu wa mtaani hana ruhusa ya kuchora masikio yale kwenye mkokoteni wake.

Kampala haikuwa na kalibu. Chapati ni duara, maharage ni maharage, na hakuna kisu cha kibandani kitakachovichonga vifanane na shujaa. Kwa hiyo sura yote ya mhusika ilibidi ibebwe na jina peke yake. Hapo ndipo ninapouona ufundi katika hali yake safi kabisa.

Rolex inaonyesha ufundi huohuo kwa upande mwingine. Mpishi hupiga mayai kikombeni pamoja na kitunguu, nyanya na kabichi, huyakaanga kwenye chuma kipana juu ya sigiri, huyafunika kwa chapati, hugeuza, kisha huviringisha. Wengi huihusisha na Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, na wanasema jina limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yakitamkwa haraka na mtu mwenye njaa. Kumbe mwaka 1908, Hans Wilsdorf aliposajili jina Rolex kwa ajili ya saa zake, alikuwa ametafuta neno fupi, linalotamkika kwa urahisi katika lugha yoyote. Wandegeya ilithibitisha kwamba alichagua vizuri. Neno lililokusudiwa mikono ya matajiri likakaa sawasawa mdomoni mwa mwanafunzi, likimpa kwa shilingi chache kitu chenye jina la anasa.

Mwaka 2016 tamasha la kwanza la rolex lilifanyika Kampala. Mwaka 2021 wapishi wa Uganda walipika rolex ya kilo 204.6, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ikaingia katika rekodi za Guinness. Watu hawakusanyiki hivyo kusherehekea chapati na mayai. Walikuwa na jina la kukusanyikia.

Mifano ni mingi. Kuku anayezungushwa ndani ya kabati la kioo lenye taa, Kampala huitwa kuku wa TV, kwa sababu mpita njia humtazama kwanza kama anavyotazama kipindi. Dar es Salaam chipsi mayai zimeitwa zege, na mjenzi yeyote anaelewa zitakavyokaa tumboni. Majina yote haya ni mafupi, yanasemeka mdomo ukiwa umejaa, na kila moja limeshika jambo moja la kweli: mkono unavyoviringisha, jicho linavyotamani, tumbo linavyoshiba, mwili unavyopata nguvu. Jina likikosa ukweli huo, mtaa hulisahau.

Likishapita mtihani huo, hupelekwa kwa mchoraji wa vibao. Yeye huliandika kwa brashi juu ya ubao au kwenye mbao za kibanda, herufi kubwa nyekundu au za buluu, bila maelezo ya viungo na bila picha. Mteja naye hukamilisha maelezo kwa kutaja idadi ya mayai na idadi ya chapati. Lebo ya kiwandani hueleza mengi zaidi, lakini haimwachii mlaji nafasi ya kusema neno lake.

Waliobuni majina haya ya vyakula hawakulipwa, na hakuna kati yao aliyeyasajili kuwa mali yake. Ndiyo maana kila kibanda kipya kinaweza kuyatumia siku ya kwanza ya biashara, na mlo ukapata wateja kabla mpishi hajajulikana. Basi mikahawa na hoteli zinazoupokea mlo huu wa mtaani ziandike kikomando na rolex kwenye orodha zao kama zinavyotamkwa vibandani. Anayeandika “vipande vya chapati kwa mchuzi wa maharage” ameuza chakula na kukiacha nje kitu kilichompandisha mlaji cheo.