Fundi Anayeusoma Ukuta

Fundi anayeijua kazi ya kuondoa ukungu haanzi kwa kusugua. Akiingia katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar masika yakiwa yamekwisha, husimama kwanza katikati ya chumba, mikono mitupu, akavuta hewa kwa pua. Chumba kilichokaa kimefungwa hunuka vumbi na nguo. Ukuta wenye ukungu hunuka udongo uliolowa, na harufu hiyo huzidi kadiri unavyoisogelea pembe, unavyoinama, unavyofungua mlango wa kabati. Ndipo huuliza, kwa adabu ya mgeni:

“Bi Mkubwa, kabati hili lilisogezwa lini?”

“Mwanangu, halijasogezwa tangu liingie humu.”

Basi kazi huanzia hapo. Kabati huvutwa, na nyuma yake, pale ambapo hewa haikupita kwa miaka, madoa yametapakaa ukutani: meusi, ya kijani, mengine ya kijivu yenye manyoya.

Wachonga milango wa Zanzibar wana sifa dunia nzima, nao wanastahili. Huyu anayeuponya ukuta unaoushikilia mlango huo hasifiwi na yeyote. Nimewatazama mafundi wa namna hii kwa muda mrefu, na sijachoka kuwatazama, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika kabla ya chombo chochote kutoka kwenye mfuko. Ukungu wenyewe hauwashughulishi sana. Wanachokitafuta ni maji. Mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali, ndogo mno kuonekana kwa macho, na hakuna dawa ya kuzimaliza. Zinachongojea ni unyevu tu. Kitu kilicholowa kikikauka ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi haziwahi kuota. Kikibaki na maji, zitaota juu ya rangi, mbao, karatasi, hata juu ya vumbi lililoganda kwenye kioo.

Kwanza fundi huhakikisha kwamba anachokiona ni ukungu kweli. Katika nyumba inayofukizwa udi kila jioni, masizi ya chetezo huacha weusi ukutani ambao mpaka rangi wa haraka angeuita ukungu. Fundi huweka tone la jiki juu ya doa akangoja. Ukungu hufifia ndani ya dakika moja au mbili. Masizi hubaki meusi vilevile. Weupe nao hudanganya. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chumvi iliyomo ndani ya mawe hutoka na unyevu, ikafanya unga mweupe juu ya lipu. Kidole chenye maji humaliza ubishi: chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki.

Kisha huja umbo la doa, na hapa ndipo jicho la fundi linapozidi jicho langu na lako. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda hadi kimo cha kiuno, ukaishia kwenye mstari wa chumvi, umetoka ardhini. Duara la rangi ya chai kwenye dari limetoka juu, na hilo humpandisha fundi paani. Paa nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa bapa, za chokaa, kisha zikafunikwa mabati, na pale bati linapokutana na ukuta wa jirani maji hupata njia. Vidoa vilivyotawanyika pembeni na nyuma ya samani, bila mstari wala duara, ni unyevu wa hewa uliotua mahali pasipopepewa. Akiwa na shaka, hubandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe, akaondoka. Kesho yake au keshokutwa hurudi. Matone yakiwa chini ya nailoni, ukuta ndio unaotoa maji. Yakiwa juu yake, maji yanatoka hewani. Hakuna mashine hapo, na jibu lake laweza kumwokolea mwenye nyumba gharama ya ukuta mzima.

Unyevu ukiwa karibu na dari, fundi hupanda ngazi akachokoa ncha za boriti kwa msumari. Vyumba vya nyumba hizi vina upana wa kama mita 3 kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kuubeba, na ncha zake zimezama ndani ya ukuta uleule unaolowa. Msumari ukiingia kwa ulaini, ukungu unakuwa jambo dogo katika orodha yake. Katika mji ulioiona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ikianguka tarehe 25 Desemba 2020, hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini boriti huchokolewa.

Nyumba za matofali ya saruji za Dar es Salaam zina fumbo lake. Ukungu huota katika chumba cha watoto kisicho na kiyoyozi, na wazazi hawaelewi, kwa kuwa bomba halipiti hapo na paa ni zima. Fundi mzuri huuliza nani analala upande wa pili. Chumba cha wazazi kina kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha. Ukuta mwembamba wa kati umepoa. Hewa nzito ya pwani iliyo upande wa watoto inapougusa ubaridi ule huacha maji yake juu ya rangi. Dawa ni kupunguza ubaridi, kusogeza kitanda na kuipa hewa njia. Hakuna cha kubomoa.

Kusafisha kwenyewe ni kazi fupi, ila ina nidhamu yake. Mlango hufungwa, feni huzimwa, nguo na magodoro hutolewa kwanza. Fundi huvaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, glavu na miwani, akalirashia maji doa kabla ya kuligusa, maana ukungu mkavu ukikwanguliwa hutimka na kusambaa nyumba nzima. Vigae, kioo na chuma huoshwa kwa sabuni na maji, vikafutwa hadi vikauke. Ubao wa jasi au wa unga wa mbao ulioota ndani hauokoleki tena: hukatwa, ukafungwa kwenye mfuko humohumo chumbani, ndipo upitishwe sebuleni. Jiki hulainisha macho ya mwenye nyumba kwa kuondoa weusi, lakini kwenye kitu chenye vinyweleo huacha mizizi ndani, na Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani haupendekezi itumike kama desturi. Ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Wakala huohuo unasema eneo lisilozidi takriban mita 1 ya mraba mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe. Mwenye pumu asilisafishe hata hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 uliunganisha nyumba zenye unyevu na ukungu na pumu, kikohozi na maambukizi ya njia ya hewa, na anayelala karibu na ukuta huo mara nyingi ni mtoto.

Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya patasi. Fundi hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, na mahali fulani unaitika kama debe tupu. Hapo ndipo mtu, miaka iliyopita, aliona lipu ya zamani inamomonyoka akaifunika kwa saruji, akidhani ameupa ukuta nguvu. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa sentimita 50 na zaidi, huingiza unyevu na kuutoa. Saruji huuzuia kutoka. Maji yaliyopanda kutoka ardhini hukosa njia, yakapanda juu zaidi, hadi yakatokea mahali ambapo saruji imeishia, na ukungu ukashukuru. Fundi huibandua saruji kipande kwa kipande, kwa patasi na nyundo ndogo, ili jiwe lililo chini lisivunjike. Kisha hufanya jambo linalowachosha wenye nyumba: huuacha ukuta wazi.

Wahifadhi wa majengo hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mahesabu hayo hayamridhishi mtu ambaye arusi ya binti yake iko mwezi ujao, na mafundi wengi hushindwa hapo, wakapiga lipu juu ya ukuta uliolowa. Yule ninayemsifu huja, hugusa, hufagia chumvi iliyotoka isije ikarudi ndani, huondoka. Siku ya kupiga lipu ikifika, huleta chokaa iliyolowekwa muda mrefu, laini, akaichanganya na mchanga usio wa baharini. Huipiga kwa tabaka nyembamba, akangoja kati ya tabaka na tabaka. Halafu mtu aliyehangaika miezi kuukausha ukuta huanza kuurashia maji asubuhi na jioni na kuufunika magunia mabichi. Chokaa haishiki kwa kukauka haraka; hushika kwa kunywa hewa polepole hadi irudi kuwa jiwe, na ikikaushwa na jua mapema hupasuka. Ikiwa mbichi ina ukali ambao ukungu hauuwezi. Juu yake hupakwa chokaa tena, kamwe si rangi ya mafuta, ambayo ingeuziba ukuta upya.

Makubaliano ya kazi hii yameandikwa vibaya. Fundi hulipwa kwa mita za lipu na ndoo za rangi, kwa hiyo yule anayepaka upesi hupata zaidi ya yule anayetafuta maji. Siku ya nailoni na siku ya kupanda paani hazimo kwenye hesabu. Wala asubuhi zile anazokuja kugusa ukuta tu na kuondoka. Zinapaswa kulipwa, tena kwa bei yake yenyewe, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka masika mengine yapite. Mafundi wanaoijua kazi hawataogopa sharti hilo.