Hayy na Paa Aliyemnyonyesha

Katika baraza zetu za Alhamisi usiku, iwe Riyadh au Jeddah, neno hili halikosekani: "Mwache mtoto, Kiswahili kiko damuni, kitatoka chenyewe." Husemwa na mzazi ambaye mwanawe akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiarabu. Wengine wetu tumelisema wenyewe. Safari hii tumeona tulipime kwa kitabu ambacho vijana wetu wanaosoma kwa Kiarabu huenda wamekwisha kukutana nacho: Hayy bin Yaqdhan, cha Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki Marrakesh mwaka 1185.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtoto mchanga yuko kisiwani, pasipo mtu mwingine. Paa aliyepotelewa na mwanawe anamnyonyesha. Mtoto anakua, anajisitiri kwa majani, anagundua moto. Paa anapokufa, anampasua kifua kutafuta ni kitu gani kilichomtoka. Hivyo hivyo, bila mwalimu wala kitabu, anapanda ngazi baada ya ngazi hadi anamtambua Muumba. Tafsiri ya Kilatini iliyochapishwa Oxford mwaka 1671 ilikipa kitabu jina lenye maana ya mwanafalsafa aliyejifunza mwenyewe. Wako waliokichukua kuwa ni ushahidi kwamba binadamu huzaliwa na kila kitu ndani yake, kinangoja kuchipua tu.

Sisi hatukubaliani na usomaji huo. Mwandishi anatupa masimulizi mawili juu ya asili ya Hayy. La kwanza lasema alitokana na udongo uliochachuka, bila baba wala mama. La pili lasema ni mwana wa dada wa mfalme, aliyeolewa kwa siri, kisha kwa hofu akamtia mtoto sandukuni na kumwachia bahari. Masimulizi haya yanagombana juu ya alikotoka, lakini yanakutana kwa paa. Mwandishi yuko radhi kuiacha asili ya mtoto katika shaka. Malezi yake hakuyaacha. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye kiini cha kitabu.

Tazameni pia habari ya lugha. Hayy anaiga sauti za paa na za ndege, kwa kuwa ndizo anazozisikia. Neno la kibinadamu hana hata moja, mpaka Absal anapokuja kutoka kisiwa cha jirani, akamfundisha kwa kumwonyesha kitu na kukitaja. Akili iliyofika mbali kiasi kile haikupata lugha ila kwa kupata mtu wa kuzungumza naye.

Lawama yetu kwa Ibn Tufayl ni moja. Paa akishazikwa, kitabu kinaendelea kana kwamba kazi yake ilikuwa maziwa tu. Kosa la kumsahau mlezi halikuishia kwake. Watafiti waliowapima watoto wachanga Kampala katika miaka ya 1950 waliwaona wametangulia wenzao wa Ulaya, na wako waliodhani ni jambo la kuzaliwa nalo. Kisha Charles Super akakaa na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, na mwaka 1976 akachapisha aliyoyaona. Watoto wale waliwahi kukaa na kutembea kwa sababu walezi wao waliwafundisha makusudi, tena wana maneno maalumu ya mafunzo hayo. Kutambaa, ambako hakukutiliwa mkazo, hawakukuwahi.

Na lugha je? Mwaka 1984, huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 hutofautisha hata sauti za lugha asiyoisikia nyumbani, lakini akikaribia mwaka mmoja uwezo huo hupungua sana. Basi mtoto huzaliwa na sikio lililo tayari kwa lugha yoyote, na wanaomzunguka ndio wanaolizoeza. Wazee walisema maji hufuata mkondo. Wakasema pia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi hazipingani. Kipaji cha kusema ni cha kuzaliwa nacho. Kiswahili chenyewe ni cha kupewa.

Kwa hiyo damu tusiitwike mzigo wetu. Mtoto aliyezaliwa Jeddah, anayesikia Kiarabu shuleni, Kiingereza katika runinga, na Kiswahili pale tu wazazi wanapoteta faragha, atajua kwamba Kiswahili ni lugha ya siri za wakubwa. Hatakijua kuwa ni chake.

Wala waliochelewa wasikate tamaa. Hayy alikuwa na umri wa miaka kama 50 Absal alipomkuta, na bado alijifunza kusema. Paa alitoa maziwa, Absal akatoa maneno. Mzazi wa ugenini hana budi kuwa wote wawili, na aanze usiku wa leo, mezani, kwa kumwambia mwanawe: nipe chumvi.