Nani Huiambia Roboti Kwamba Imekosa?
Roboti ikiwekewa lundo la vitu mchanganyiko hushindwa kwa sababu haijui pa kushika, hata mkono wake uwe imara namna gani. Kwa miaka mingi wahandisi waliiandikia kanuni za umbo na msuguano, lakini ndani ya lundo kitu kimoja hufunika kingine na kamera huambulia vipande. Naamini kilichofungua njia ni upatikanaji wa masahihisho ya bei nafuu. Mwaka 2016 Sergey Levine na wenzake wa Google walieleza majaribio zaidi ya 800,000 ya kushika, yaliyofanywa kwa takriban miezi miwili na mikono kati ya 6 na 14. Hakuna mtu aliyekaa kuyasahihisha moja moja. Roboti ilipima kama vidole vyake vimebana kitu, kisha ikakiachia na kulinganisha picha za kabla na baada ya kukiangusha. Kutokana na hayo mtandao wa neva bandia ulijifunza kukadiria mwendo upi utafanikiwa, na ukavumbua wenyewe kwamba kitu laini hushikika kwa kuzamisha kidole katikati yake.

Linganisha na kazi ya Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru, Tanzania, ambako watafiti wamekusanya picha za majani ya mahindi, maharage na migomba ili mashine itambue magonjwa. Jani halijisahihishi; lazima mtaalamu alitazame, na hapo ndipo gharama inapolala.

Mtu atasema mikono 14 ni anasa ambayo karakana ndogo ya mtaani haiwezi kuiota. Ni kweli, lakini mwaka 2017 kundi la Jeff Mahler na Ken Goldberg huko Berkeley lilitengeneza kwa kompyuta mifano milioni 6.7 ya picha na mishiko, ubora wa kila mshiko ukikokotolewa kwa fizikia. Na anayehofia kuwa picha za kubuni hudanganya ajue kwamba walichanganya makosa ya makusudi katika msuguano, mkao na kamera, ili mtandao usizoee dunia iliyonyooka mno. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lundo la nguo za mitumba: hesabu zile zilihusu vitu vigumu, ilhali mkono wa shati hujisokota kwenye suruali. Hapo majaribio halisi hayakwepeki, ila mkono mmoja wa roboti unatosha kuanzia, ukiwekewa mizani chini ya lundo. Uzito usipopungua, roboti imekosa. Ukipungua kupita kiasi, imeburuta nguo mbili.