Mwaka wa filamu, na swali la mama



Mwaka 2025 tuliuona wote hapa Goma, sitaueleza tena. Banki zilifunga, kazi za tereni zikasimama, na miye na lisanse yangu ya agronomia nikabaki nyumba na ordinatere ya zamani na flashi imejaa filamu. Umeme ukirudi, naangalia. Nyingi nimeshasahau: za vita, za Kikorea za dada yangu, za Nollywood ambamo mchawi unamjua tangu mwanzo.

Zilizobaki kichwani ni zile zinazotuonyesha sisi wenyewe. Examen d'État ya Dieudo Hamadi (2014) ilinichekesha na kuniumiza: wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa juu ya pesa ya walimu, wanajifungia kwa nyumba moja kujitayarisha. Nani kati yetu hakupita pale, ao karibu na pale?

Virunga, ya mwaka ule ule, niliiangalia mara ya tatu. Kuko sokwe, kuko walinzi, kuko kampuni ya petroli, na hasira ya kweli. Lakini miye macho yangu yanatafuta mwenye jembe. Ile parki ilianzishwa 1925, na watu wanalima mpaka kwenye mpaka wake. Sikumbuki hata mmoja aliyepewa muda wa kueleza shamba lake.

Kisha njo Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras (2017). Kabwita, kijana wa upande wa Kolwezi, anakata mti mkubwa kwa shoka, anaufunika na udongo, anauchoma, kisha anasukuma kinga yenye mzigo mrefu kumupita kilometa karibu 50, akitafuta pesa ya mabati. Ni hiyo tu. Na sijaona filamu inayoheshimu kazi sawa ile. Shoka inapiga, inapiga, kamera haina haraka. Unasikia gurudumu likilia ndani ya mchanga. Sisi tuliozoea kupisha chukudu barabarani tunajua ile pumzi, lakini hatujawahi kukaa nayo zaidi ya saa moja na nusu.

Lawama yangu ya kitaalamu: filamu haiulizi mti ule utarudishwa na nani. Tanuru ya udongo, kilo 100 za mti mkavu, mara nyingi zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Kingine kinakwenda na moshi. Ukijua hiyo hesabu, ule mti unaanguka mara mbili.

Mama aliangalia nami, maharagwe yakiwa juu ya mbabula, juu ya makala, eh. Kiswahili cha Katanga kilimchekesha. Kufika mahali Kabwita anashindwa kupanda kilima, akanyamaza. Kisha:

«Na huyu anayepiga ile filme, hana mikono?»

Nilijaribu kumueleza dokimanteri ni nini, kwamba mpiga picha haingilii. Aliniangalia tu, akaenda kugeuza maharagwe.

Swali lile lile liko ndani ya Stop Filming Us (2020), Mholanzi Joris Postema amekuja hapa hapa Goma kuuliza kama mzungu ana haki ya kutuonyesha. Miaka miwili nyuma yake, Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa walichukua picha zake wakatengeneza jibu lao, Stop Filming Us But Listen. Jibu nalipenda kuliko swali. Hata hivyo, wote wanabishana juu ya kamera ndani ya mji, kati ya wazungu na vijana wenye kamera. Mkulima bado yuko nje ya chumba.

Na miye je? Wakati wa staji, Rutshuru, nilipiga picha mama mmoja katikati ya maharagwe yake ya kupanda miti. Nilimwambia asimame vizuri, ashike jembe, asicheke. Alikuwa na magunia ya kubeba, na nilikuwa na mikono miwili. Picha iliingia ndani ya raporo, ukurasa wa mbele, nikapata pointi nzuri.

Aliniomba nimletee moja ya karatasi. Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimeshapanda moto.

Picha bado iko ndani ya flashi, pamoja na zile filamu. Barabara ya Rutshuru, munajua ilivyo. Nimeitoa kwa karatasi wiki iliyopita, franka 1000.