Kalamu ya Afisini katika "Desturi za Wasuaheli"

Wasomaji wa nathari ya pwani wamezoea kukiingia kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, kama mtu aingiavyo ghalani: huchukua habari za unyago au za harusi, akatoka. Ni nadra kusomwa kama kazi ya mwandishi. Jalada nalo lilichangia kosa hilo, maana lilitanguliza jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili Berlin, ilhali sehemu kubwa imetoka katika kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Kabla ya kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha, Mtoro alisomesha Kurani, kisha akawa mtoza kodi wa serikali ya Wadachi, baada ya kodi ya nyumba kuamriwa mwaka 1897. Bagamoyo ya miaka ile ilikuwa mji wa maafisi. Forodha ilijengwa 1895 na boma 1897, si kwa itale, ambayo pwani hii haina, bali kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani mlikuwa na meza, madaftari na makarani. Barazani watu wakingojea mashauri yao.

Athari ya afisi hiyo imo katika mtindo wa kitabu. Tazama anavyoieleza harusi. Mwandishi mwingine angeanza na uzuri wa biarusi. Mtoro anataja nani apewe nini: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ada ya kungwi. Sentensi ni fupi, nyingi zikianza kwa "na", kama safu za daftari. Wako watakaouona ukavu huo kuwa upungufu wa fani. Sivyo. Kwa kuhesabu ada, Mtoro anaonyesha kwamba heshima ya mji ilikuwa na gharama, na kwamba asiyekuwa na cha kutoa hakuwa na pa kukaa. Hakuna pambo lingeweza kulisema hilo kwa ukali zaidi.

Daftari lakini lina upofu wake. Watumwa wamepangwa kwa daraja zao, wazalia mbali na walioletwa kutoka bara, na adabu inayotakiwa kwa kila mmoja imeelezwa barabara. Sauti ya mtumwa mwenyewe haisikiki. Hapo ndipo mwungwana wa Bagamoyo anapojifichua, bila ya kukusudia.

Jina la Mtoro liliwekwa mahali pake mwaka 1981, na tena katika Kiingereza, katika tafsiri ya J. W. T. Allen. Yeye hakuiona siku hiyo. Alipotaka kurejea kwao mwaka 1905 pamoja na mkewe Mdachi, serikali ile ile aliyoitozea kodi ilimzuia kushuka Dar es Salaam. Akarudi Berlin, na huko alifariki mwaka 1927.