E-Sir na Mizani ya Ngoma

Issah Mmari, kijana wa South C, Nairobi, aliyejiita E-Sir, alizaliwa mwezi wa Mei 1981 na akafariki kwa ajali ya gari karibu na Nakuru tarehe 16 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 21. Albamu aliyotuachia ni moja tu, Nimefika, iliyotengenezwa na Ogopa Deejays. Umaarufu wake hauna mgomvi. Linalotuhusu sisi wapenzi wa ushairi ni jingine: je, tungo zake zina haki ya kuketi barazani pamoja na mashairi, au ni guni?

Mshika arudhi atasema ni guni, na akihesabu kwa vidole atakuwa na hoja. Mshororo mmoja hurefuka, unaofuata hukatika. Ukwapi na utao haumo. Lakini E-Sir hakuhesabu silabi, alihesabu mapigo. Ngoma ndiyo iliyomshikia mizani, naye akijaza maneno au akiyapunguza baina ya pigo na pigo, pasi na kuchelewa kutua.

Ustadi wake hasa umo katika vina. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Msomaji wa utenzi, avutaye mahadhi, hutosheka na kina cha silabi moja, kwani sauti humngojea. Juu ya ngoma ya haraka, kina hicho hupotea. E-Sir mara nyingi alioanisha silabi mbili, ile yenye mkazo na inayoifuata, ndiyo maana vina vyake husikika hata ndani ya matatu yenye kelele. Wengi waliomfuata wameridhika na viishio vya vitenzi, navyo ni vina vya bei rahisi.

Majigambo ya Hamunitishi, Muyaka bin Haji angeyatambua, japo ngoma yake ingemshangaza. Hapo ndipo penye upungufu pia. Muyaka alijigamba Mombasa ikikabiliwa na majeshi ya Seyyid Said. E-Sir alijigamba mbele ya wasanii wenziwe, na sehemu kubwa ya albamu ni starehe. Boomba Train, aliyoimba na Nameless, ni ya kuchezwa. Ukiiandika karatasini haibakizi mengi. Na wale wasemao kwamba angefika mbali, wanamsifu kwa kazi asiyowahi kuifanya.

Mwenye shaka na aisikilize Hamunitishi mara mbili: ya kwanza kwa ajili ya ngoma, ya pili akiwa na kalamu, aandike silabi mbili za mwisho za kila mshororo.