Nomino Bila Kitenzi: Usawiri wa Wapenzi wa Jinsia Moja katika Vibonzo vya Mashujaa wa Marekani

Wahakiki wa vibonzo vya mashujaa wa Marekani wamezoea kuhesabu: wahusika wangapi ni wapenzi wa jinsia moja, wangapi wana kitabu chenye jina lao, wangapi huuawa kabla ya hadithi kwisha. Hesabu hizo zina faida yake, lakini hazitufikishi mbali, kwani mhusika anaweza kuhesabiwa pasi na kuwa na neno lolote la kusema kuhusu maisha yake mwenyewe. Makala haya yanauliza swali la kiisimu: mhusika wa aina hii ameruhusiwa kutamka sentensi gani, na ameruhusiwa kuwa kiima cha kitenzi gani? Hoja yetu ni kwamba wahusika hawa walipewa nomino ya kuitwa kwayo muda mrefu kabla ya kupewa kitenzi cha kutenda. Tunadai pia kwamba Kiswahili, lugha isiyobainisha jinsi katika viwakilishi vyake lakini inayoigusa katika kitenzi cha ndoa, kinatupa mahali pazuri pa kusimama tulitazame jambo hili.

Mwanzo wa mambo unajulikana. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kuwa vibonzo vinawaharibu watoto. Humo aliyasoma maisha ya Batman na Robin kuwa ndoto ya wanaume wawili wapendanao. Mwaka huohuo wachapishaji walijiwekea kanuni za udhibiti zilizokataza kile kilichoitwa upotofu wa kijinsia, na hata dokezo lake. Neno hilo la pili ndilo lenye uzito. Kanuni inayokataza dokezo inamfanya kila mhariri awe msomaji wa mafumbo. Inamlazimu kutafuta maana ya pili kabla msomaji hajaitafuta, na hivyo inakiri kwamba maana hiyo ipo. Kanuni zililegezwa mwaka 1989, na kufikia 2011 wachapishaji wa mwisho walikuwa wameziacha kabisa.

Chini ya kanuni hizo mwandishi Chris Claremont aliwaumba Mystique, mwanamke mwenye uwezo wa kubadili umbo, na Destiny, kipofu anayeona yajayo. Wanaishi pamoja na wamemlea pamoja binti, Rogue. Matini haisemi wao ni nini kwa kila mmoja. Destiny aliuawa mwaka 1989, na katika toleo la 265 la *Uncanny X-Men* (1990) adui mmoja anamtaja marehemu kwa neno kongwe la Kiingereza, *leman*. Neno hilo lilikuwa limekwisha kufa katika mazungumzo ya kawaida. Asili yake ni maneno mawili, "mpendwa" na "mtu", na zamani lilimfaa mwanamume na mwanamke sawasawa. Wasomaji wengi walilipita bila kulitambua. Waliofungua kamusi walikuta kwamba jambo lililofichwa kwa miaka lilikuwa limesemwa waziwazi.

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na mbinu hii. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Hata hivyo, mbinu yenyewe haifanani kabisa na ile ya kwetu. Mshairi wa mwambao humsitiri mpenzi nyuma ya ua, tausi au chombo, yaani kwa sitiari. Claremont anasitiri kwa ukale wa msamiati. Mfasiri akiandika "mpenzi", sitara imeanguka. Akiandika "hawara", ameongeza hukumu isiyokuwamo. Pengine "muhibu" lingefaa, kwa kuwa msomaji wa leo hulijua kwa mbali tu, kutokana na tenzi. Kwa maoni yangu, neno hilo moja la mwaka 1990 lina sanaa zaidi kuliko kurasa nyingi za uwazi zilizofuata, ingawa sitaki kuugeuza udhibiti kuwa mlezi wa sanaa. Kilichompata Destiny ni kuitwa kwa jina la kweli akiwa amekwisha kufa, tena na adui.

Uwazi ulikuja mwaka 1992 katika toleo la 106 la *Alpha Flight*, lililoandikwa na Scott Lobdell. Northstar, yaani Jean-Paul Beaubier wa Quebec, alikuwa amebuniwa mwaka 1979, na John Byrne, aliyeuanzisha mfululizo huo, amekwisha kueleza kwamba tangu mwanzo alimkusudia kuwa mpenda wanaume. Katika toleo hilo Northstar anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, mgonjwa wa UKIMWI. Nchi nzima inamlilia mtoto huyo. Shujaa mzee, Major Mapleleaf, anapandwa na hasira: mwanawe alikuwa mpenda wanaume, akafa kwa ugonjwa huohuo, na hakuna aliyemlilia. Wawili hao wanapigana, na katikati ya ngumi Northstar anatamka kwamba yeye naye ni shoga.

Toleo hilo husifiwa kwa sababu ya sentensi hiyo, nami naona sifa zimewekwa pasipo pake. Kwa mtazamo wa nadharia ya matendo uneni ya J. L. Austin, tamko huhitaji mazingira yanayolipa nguvu: nani anasema, anamwambia nani, na nini kinabadilika baada ya kusema. Northstar anamtamkia mtu anayempiga, na tamko lake halimpi mwenzi wala nyumba. Ni sentensi ya nomino na kitenzi kishirikishi, *mimi ni fulani*, kisha nukta. Usemi wenye uzito katika toleo hilo ni wa yule mzee. Yeye ndiye anayesema kwamba jamii hugawa machozi yake kwa wale iliowaona hawana hatia, na anasema hivyo akiwa baba. Kwamba hoja nzito namna hii imewekwa kinywani mwa mtu anayetupa magari ni ada ya utanzu huu, na anayeisoma hana budi kuivumilia.

Katika semina ya umahiri niliwapa wanafunzi kurasa za toleo hilo wazifasiri. Nilitarajia wakwame kwenye viwakilishi. Kiingereza humlazimisha mtu anayeficha mpenzi wake kukwepa *he* na *she* kila asemapo, na ukwepaji huo ni alama inayojulikana sana. Kiswahili hakina mzigo huo: "jana nilikuwa na mwenzangu, alichelewa kuondoka" haifichi wala haifichui. Wanafunzi walipita hapo bila shida. Walikwama kwenye nomino. Mmoja aliandika "shoga", na mwanafunzi wa kike aliyelelewa Mombasa akacheka, kwa kuwa masikioni mwake *shoga* ni mwanamke mwenzako mnayepikiana siri. Maana hiyo ndiyo kongwe. Kuhamia kwa wanaume kumelitia dharau neno lililokuwa la upendo. "Msenge" ni tusi. "Hanithi" lina sheria na ugonjwa ndani yake. "Mpenzi wa jinsia moja" ni lugha ya ripoti, na hakuna mtu anayepigana ngumi akisema hivyo. Mimi mwenyewe nimelitumia "shoga" hapo juu kwa kukosa lingine, nami sijaridhika.

Ugumu wa kitenzi ni wa namna nyingine. Mwaka 2012, katika toleo la 51 la *Astonishing X-Men* lililoandikwa na Marjorie Liu, Northstar na mwenzake Kyle Jinadu walifunga ndoa jijini New York, mwaka mmoja baada ya jimbo hilo kuiruhusu ndoa ya namna hiyo. Kwa Kiingereza tendo hili halina tatizo, kwa kuwa kitenzi kimoja kinawatosha wote. Kwa Kiswahili mume huoa na mke huolewa. Mwanamume aliyehamia kwa mkewe husemwa kwa kejeli kwamba "ameolewa", na kejeli hiyo inaonyesha jinsi kauli ya kutendwa inavyobeba hadhi. Je, kati ya Jean-Paul na Kyle nani ameoa?

Jibu la haraka ni kwamba sarufi yetu inaikataa ndoa hiyo. Jibu hilo si sahihi. Katika mkoa wa Mara Wakuria wana *nyumba ntobhu*, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine ili amzalie warithi. Ndoa hiyo ni ya ukoo na urithi, na isichanganywe na mapenzi ya jinsia moja. Lakini wanapoieleza kwa Kiswahili husema bila kusita kwamba mwanamke *amemwoa* mwanamke. Kitenzi *-oa*, basi, hubeba dhima: nani ametoa mahari, nani ameingia nyumba ya nani. Jinsi hufuata dhima hiyo kwa mazoea tu. Tena tunayo kauli ya kutendana. "Walioana" haimweki yeyote juu ya mwenzake, na wasemaji huitumia kila siku kwa mume na mke. Kwa ukurasa huo wa 2012, sarufi ilikuwa na jibu tangu zamani.

Kwamba kitenzi ndicho kigumu zaidi kuruhusiwa kunathibitishwa na Batwoman. Kate Kane alitambulishwa mwaka 2006 akiwa mpenda wanawake, na kampuni ya DC haikuficha jambo hilo. Mwaka 2013 waandishi wake, J. H. Williams III na W. Haden Blackman, walijiondoa wakieleza kuwa miongoni mwa mambo waliyozuiwa ni kumwonyesha akifunga ndoa na Maggie Sawyer. Kampuni ilijitetea kwamba mashujaa hawapaswi kuwa na maisha ya faragha yenye furaha. Utetezi huo si wa kupuuzwa: huzuni ni mtaji wa utanzu huu. Lakini Superman wa DC iyo hiyo alimwoa Lois Lane mwaka 1996, na ndoa ikadumu miaka kumi na mitano. Kate aliachiwa nomino yake, akanyimwa kitenzi. Waandishi wa *The Authority* walikuwa wamekwisha kuwaozesha Apollo na Midnighter mwaka 2002, katika tawi la DC lisilosomwa na watoto; kitenzi kilipatikana pembeni kabla ya kupatikana katikati.

Jambo la mwisho linaturudisha kwa Mystique. Mwaka 2023, katika *X-Men Blue: Origins*, Si Spurrier aliandika kwamba Nightcrawler ni mtoto wa wanawake hao wawili: Destiny alimzaa, na Mystique, akiwa katika umbo la kiume, ndiye baba yake. Claremont alikuwa na wazo hilo miongo kadhaa kabla, asiweze kulitekeleza. Hapa hakuna anayetamka yeye ni nini. Kuna anayezaa, anayelea, anayeacha, na mtoto mtu mzima anayedai maelezo. Fremu zinamwonyesha Kurt akimtazama mwanamke aliyemdhania kuwa mama yake. Mfasiri wa Kiswahili atataka kukimbilia "mzazi", neno lisilo na jinsi, na atakuwa amekosea, kwa kuwa mshtuko wote umo katika "baba". Kizulu humwita shangazi *ubabekazi*, baba wa kike, na hakuna anayeshtuka. Ni cheo cha ukoo. Kurt hana cheo kama hicho cha kushika. Nilipolirudisha suala hili kwenye semina, mwanafunzi yule wa Mombasa aliandika: "Basi baba yangu ni wewe." Hatukubadili kitu.